Acheni 'Gillespie Road' ikae ukutani, ng'oeni mishale inayodanganya

Kama wewe ni shabiki wa Arsenal (na tusidanganyane, nusu ya mtaa ni Arsenal na nusu ile nyingine kazi yake ni kuwacheka), bila shaka unajua kwamba jijini London kuna kituo cha treni za chini ya ardhi kinachoitwa Arsenal. Ndicho kituo pekee cha Underground kilichopewa jina la klabu ya soka moja kwa moja. Mkenya akibahatika kwenda kutazama mechi ugani Emirates, lazima apige picha kule chini, kando ya lile duara jekundu lenye mstari wa buluu, na picha iwe Instagram kabla hata hajafika juu barabarani.

Hebu zitazame picha hizo tena. Nyuma ya huyo mtu mwenye jezi, ukutani, kuna jina lingine. Limeandikwa kwa vigae, kwa herufi kubwa kuliko hizo za Arsenal: GILLESPIE ROAD.

Si kosa la fundi. Kituo kilifunguliwa Desemba 1906 kwa jina hilo, ambalo ni jina la barabara iliyo hapo nje. Arsenal wakati huo hawakuwa hata jirani. Walikuwa bado kusini mwa mto Thames, wakahamia Highbury mwaka wa 1913. Herbert Chapman, yule kocha aliyetua klabuni 1925 na kuwapa taji lao la kwanza la ligi, ndiye aliyewasumbua wakubwa wa reli mpaka wakakubali kubadilisha jina la kituo. Mwaka wa 1932 kikawa Arsenal. Tiketi zikabadilishwa, ramani zikabadilishwa, vibao vikabadilishwa. Jengo la juu nalo likabomolewa, likajengwa lingine pana zaidi. Vigae vya chini vikaachwa.

Karibu miaka mia moja baadaye bado vipo, na bado kuna watu wanaouliza kwa nini. Kwani kituo kina majina mangapi? Si mgeni atapotea? Si ving'olewe tu, kuta zipakwe rangi moja, pawekwe vibao vipya vinavyoeleweka? Ubishi huu hauko London pekee. Kila mji wenye reli ya zamani chini ya ardhi umewahi kubishana hivyo, New York ikiwemo.

Msimamo wangu ni huu: jina la zamani libaki, mshale wa zamani uondoke. Wanaobishana huvichanganya vitu hivi viwili, na ndiyo maana hawamalizi.

Tuanze na jina. Vigae vile vilibuniwa na Leslie Green, msanifu aliyeajiriwa mwaka wa 1903 akiwa na miaka 28 tu. Kwa muda mfupi alichora makumi ya vituo, vile vya vigae vyekundu vya rangi ya damu ya ng'ombe ambavyo hadi leo unaviona kwenye kona za London. Alifariki 1908, miaka 33. (Wale mnaoambiwa nyumbani kwamba vijana wa siku hizi hawafanyi kazi, mwekeni huyu akiba.) Kule chini kwenye majukwaa, kila kituo alikipa mpangilio wake wa rangi za vigae, ili abiria wa kila siku akitupa jicho dirishani ajue amefika kwake hata bila kusoma. Jina lenyewe likachomwa kwenye kigae. Si bango la kutundikwa na kushushwa. Ni ukuta wenyewe.

Hapo ndipo hoja ya "pelekeni makumbusho" inaponishinda. London wana makumbusho mazuri ya usafiri pale Covent Garden, na kibao cha bati kikistaafu, sawa, kipelekwe huko kipumzike. Lakini jina lililojengwa ukutani ukilitoa, unachopata ni ndoo ya vipande. Na hata ungeweza kulitoa zima, likiwa ndani ya kioo litakuonyesha herufi zilivyokuwa tu. Halitakuambia kwamba hapa, mahali hasa uliposimama ukingoja treni, watu walisimama kabla hata Arsenal hawajahamia huku. Hilo utalijua ukiwa pale pale.

Sasa hoja ya mgeni kupotea. Hii ni ya kweli na sitaki kuipuuza. Chukua mama anayetoka Kisumu kumtembelea bintiye ambaye ni muuguzi London. Hajawahi kuona treni ya chini ya ardhi. Kiingereza anakijua, lakini macho si yale ya zamani, na kila mtu pale anatembea kana kwamba amesahau sufuria jikoni. Binti amemwandikia kwa WhatsApp: "Mama, shuka Arsenal." Treni inasimama, anachungulia, anaona GILLESPIE ROAD. Je, atabaki ndani?

Akiona hilo jina peke yake, atabaki, na hapo atakuwa amepotezwa na watu wazembe. Ila haliko peke yake. Ndani ya behewa sauti imeshataja Arsenal. Juu ya mlango kuna mchoro wa vituo umeandikwa Arsenal. Jukwaani lile duara limerudiwa tena na tena, ili popote behewa lako litakaposimama usikose kuliona. Mama atashuka. Huenda akiwa kwa ngazi akamuuliza bintiye huyu Gillespie ni nani, na huo utakuwa mwanzo wa mazungumzo tu.

Duara lile lenyewe lina historia inayosaidia hoja yangu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kuta za vituo zilikuwa zimejaa matangazo ya biashara kiasi kwamba jina la kituo lilimezwa humo ndani, ukalitafuta kama sindano. Mwaka wa 1908 wakaweka diski nyekundu nyuma ya mstari wa buluu ili jina lijitenge na matangazo. Baadaye Frank Pick, mkubwa wa Underground aliyechukia fujo, akamtafuta mwandishi wa hati za mkono, Edward Johnston, amtengenezee herufi ambazo hazitafanana na za mtu yeyote. Zikaanza kutumika 1916. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, mara ya mwisho 2016, lakini ukiziona unajua ni zile zile. Kibao kinachoelekeza kilipata kazi moja na sura moja, kikaifanya vizuri. Kwa hiyo ukuta wa vigae ukapumzishwa. Haulazimiki tena kumwelekeza mtu, na ndiyo sababu unaweza kuachwa ukae tu na jina lake.

Mshale je? Mshale ni kisa kingine.

Leslie Green hakuandika majina peke yake. Aliweka pia maelekezo kwa vigae: njia ya kutokea huku, treni kule. Zamani zile abiria walishuka na kupanda kwa lifti. Vituo vingi vikabadilishiwa baadaye ngazi za umeme, njia nyingine zikafungwa, nyingine zikageuzwa za kuingilia tu. Maandishi ya njia ya kutokea yakibaki mahali ambapo hakuna tena njia ya kutokea, hayo si urithi. Ni uongo ulioandikwa kwa herufi nzuri. Yakikubaliana na njia ya leo, yaache, hata yasuguliwe yang'ae. Yasipokubaliana, yafunikwe, na kama hayafunikiki yavunjwe. Sijali ni nani aliyachora.

Mtu ataniambia natia chumvi, eti kwani mshale utamuua nani. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987 moto ulizuka chini ya ngazi ya mbao ya umeme katika kituo cha King's Cross, kwenye laini ile ile ya Piccadilly, vituo vitatu tu kutoka Arsenal. Watu 31 walifariki. Sisemi waliuawa na kibao. Chanzo kilikuwa uchafu na grisi chini ya ngazi, na uzembe wa miaka mingi. Lakini fikiria uko pale, moshi umejaa, huoni zaidi ya hatua chache mbele. Kitu cha kwanza utakachokiona ukutani utakifuata. Saa hiyo huna nafasi ya kujiuliza kama ni cha 1906 au cha leo.

Kwa hivyo walio serious kuhusu usalama wa abiria wapambane na mishale. Wanaoshambulia majina ya zamani wamekosa adui. Na kusema kweli, ukitaka kuona abiria wa London wakichanganyikiwa hasa, usiangalie vigae vya kale. Angalia Septemba 2023, wakati wa wiki ya mitindo, ambapo vibao vya kituo cha Bond Street viligeuzwa vikasomeka "Burberry Street", kwa rangi ya kampuni hiyo ya mavazi. Watu walilalamika mitandaoni kwamba hawakujua wako wapi. Hicho kilikuwa kibao kipya, safi, kinachosomeka vizuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja: kililiondoa jina la kazi, kikaweka tangazo mahali pake. Jitihada zote zile za 1908 za kulitenganisha jina na matangazo zikasahaulika kwa siku kadhaa za biashara.

Ukilinganisha, hapo Whitechapel, mashariki mwa London, mwaka wa 2022 waliongeza vibao vyenye jina la kituo kwa Kibengali, kwa sababu jamii ya watu wenye asili ya Bangladesh imeishi na kufanya kazi eneo hilo kwa muda mrefu. La Kiingereza halikuguswa. Bado mwaka wa 2025 mbunge mmoja, Rupert Lowe, alisema jina liwe la Kiingereza pekee, na Elon Musk akamuunga mkono. Sasa hapo unajiuliza, ni nani hasa aliyeshindwa kushuka Whitechapel kwa sababu ya maandishi ya ziada? Ukuta una nafasi. Jina la pili halimkanyagi mtu, mradi lile la kwanza linaonekana.

Najua kuna msomaji hapa anasema, wewe uko Nairobi, hii yote inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu sisi tuko upande ule mwingine kabisa wa tatizo. Makanga atakwambia gari ziko Odeon, au ushukie Globe. Zilikuwa kumbi za sinema hizo. Filamu zilikwisha huko kitambo, na kijana aliyezaliwa juzi hajui kama Odeon iliwahi kuwa na skrini, lakini steji ni Odeon na itabaki Odeon. Historia tunayo, tena tele. Tatizo letu ni kwamba iko mdomoni mwa makanga, haijaandikwa popote. Mgeni kutoka Lodwar hawezi kusoma mdomo wa mtu. Atauliza, ataelekezwa vibaya, atauliza tena, na akiuliza mtu asiyefaa simu itaenda. London wanagombana kuhusu vibao viwili kwenye ukuta mmoja. Sisi bado tunatafuta kimoja.

Tena tuna somo letu kuhusu majina. Delamere Avenue iliondoka ikawa Kenyatta Avenue. Victoria Street ikawa Tom Mboya Street. Government Road ikawa Moi Avenue. Sidai yarudi, hata kidogo. Kuna majina yaliyowekwa ili mwenye nchi akumbushwe kila asubuhi nani ni bwana, na hayo yakitolewa ukutani sitatoa chozi. Gillespie Road si la aina hiyo. Ni jina la barabara ya watu wa kawaida, na barabara yenyewe bado ipo hapo nje, kwa hivyo hata ukisema ni uongo, si uongo mkubwa.

Kama ningeulizwa, ningeongeza kitu kimoja kidogo pale Arsenal: bati dogo chini ya vigae, maneno machache, kwamba hili ndilo jina la kituo tangu 1906 hadi 1932. Basi. Vituo kadhaa vya Leslie Green, kama Covent Garden na Russell Square, tayari vinalindwa kisheria kama majengo ya kihistoria, na hilo ni jema. Ila ulinzi wa sheria haumwambii abiria anatazama nini.

Na jambo la mwisho kwa ndugu zangu Gunners mnaosema vigae vya Gillespie Road vinawaharibia picha. Uwanja ambao kituo kile kilibadilishiwa jina kwa ajili yake ni Highbury, na Highbury siku hizi ni nyumba za kukaa. Klabu ilihamia Emirates 2006. Emirates iko hapo karibu, kwa hiyo jina bado linafanya kazi. Lakini klabu ilishahama mara moja kuvuka mto, na hakuna aliyeandika mahali kwamba haitahama tena. Ikihama, atatokea mtu na ndoo ya rangi aseme kibao cha Arsenal kinachanganya wageni, kiondolewe. Siku hiyo nataka kusikia mtasemaje.