"Ajali haina kinga", nani kasema?

Septemba 2019 mtalii toka Kanada alikufa Kilimanjaro baada ya parachuti yake kukataa kufunguka vizuri. Wabongo tukaitikia wimbo wetu: ajali haina kinga. Jamani!

Kinga ipo, na ya kwanza ni mazoezi. Bawa likijikunja hewani una sekunde chache za kulirekebisha. Aliyezoea, mikono inafanya yenyewe. Aliyekaa miezi sita bila kuruka anaanza kukumbuka, huku anaporomoka. Leseni haikumbuki kwa niaba yako.

Na huku kwetu Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, jua la kiangazi linarusha hewa kwa fujo. Ukiona vumbi linazunguka kama pia saa saba mchana, kaa chini.

Umepoteza mazoezi? Anza upya na mwalimu, asubuhi, kilima kifupi. Unaona aibu? Basi usiruke.