Leza haipandikizi mimba

Makala yako ya IVF (utungishaji mimba maabara) iliposema leza "inapandikiza" kiinitete, ilituacha njia panda. Leza haimgusi mama hata kidogo. Kazi yote inafanyika maabara, chini ya hadubini: mtaalamu analenga ule utando unaokizunguka kiinitete, anapiga mwanga wa milisekunde chache, utando unatoboka au unapungua unene. Basi. Kiinitete kinapata pa kutokea, maana kisipotoka humo hakiwezi kujishika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Jacques Cohen na wenzake waliandika kuhusu kuutoboa utando huo mwaka 1990, na wao walitumia sindano nyembamba, si leza.

Kimantiki njia hii inaingia akilini. Matokeo ndiyo yanasuasua. Mwaka 2022 ASRM, chama cha Marekani cha tiba ya uzazi, kilishauri leza isitumike kwa kila mgonjwa kama desturi, kwa kuwa haijathibitika kwamba watoto wanaozaliwa wanaongezeka. Tena mimba za mapacha huenda zikaongezeka, na kwa kuwa mapacha mara nyingi huzaliwa njiti, anayejua gharama za kulea watoto njiti hospitalini hatachukulia hilo kuwa bahati tupu.

Kwa hiyo, dada zangu, mkiiona kwenye bili ulizeni: mimi hasa, kwa umri wangu na historia yangu, inanisaidia nini? Leza inayotumika kufungulia utando ili zichukuliwe seli za kupima kromosomu ni habari nyingine, na bei yake nyingine.