Msitu Haukukaa Bure

Jumamosi moja nilirudi nyumbani adhuhuri, viatu vimejaa tope na shati limelowa jasho, nikamkuta shemeji yangu ameketi barazani akinywa chai. Alinitazama toka utosini hadi nyayoni.

"Shemeji, watoka wapi na matope yote hayo?"

"Karura. Nilikwenda kutembea."

"Ulitumwa na nani?"

"Sikutumwa na mtu. Nilikwenda kutembea tu."

Alicheka hadi chai ikamwagika kisahanini. Kisha akatamka neno lililonifanya nishike kalamu: "Ardhi yote ile ndani ya Nairobi imekaa bure, na watu hawana pa kujenga!"

Bure! Neno hilo fupi limeangusha miti mingi kuliko shoka. Mnyakuzi hahitaji zaidi ya hilo. Akishatushawishi kwamba mahali fulani pamekaa bure, kazi yake imekwisha. Kilichobaki ni kutafuta mhuri.

Hebu nikueleze, msomaji, nilikokwenda. Ukiiacha Barabara ya Limuru na kuingia msituni, hatua chache tu kelele za matatu huanza kufifia. Njia ni ya udongo mwekundu, pana mahali pengine na nyembamba pengine, na matawi yamekutana juu yake hata jua la saa tano likufikie vipandevipande. Utauona muhugu, mti mgumu ambao wachonga vinyago wanaujua vizuri. Utaufuata Mto Karura hadi kwenye maporomoko ya maji, na karibu na hapo utayakuta mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Baba akipita hapo na mwanawe, somo la historia halihitaji ubao wala chaki.

Kisha utaiona mikaratusi, mirefu na iliyonyooka kama askari gwarideni. Hiyo haikujiotea. Wakoloni waliiondoa sehemu kubwa ya miti ya kiasili wakapanda ya kigeni ili wapate kuni za garimoshi, na mwaka 1932 Karura ikatangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali. Kwa hiyo msitu huu umekwisha kubadilishiwa kazi mara moja: ulipandwa kulisha tanuri za reli, na leo unatulisha sisi hewa na kivuli. Je, hiyo ndiyo bure?

Wapo waliotaka kuubadilishia kazi mara ya pili. Katika miaka ya 1990 vipande vya Karura viligawiwa watu binafsi kimyakimya, na mwaka 1998 wananchi wakagundua kwamba ujenzi umeanza ndani ya msitu. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaingia na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa na kundi la wanaume wenye silaha kwa sababu tu walitaka kupanda mti, na Profesa akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana, mabomu ya machozi yakalipuka. Kivuli nilichotembea chini yake Jumamosi ile kililipiwa damu.

Lakini tujiulize, wanyakuzi walipata wapi ujasiri? Nathubutu kusema kwamba sisi wenyewe tuliwapa. Siku zile ni nani aliyekuwa akiingia Karura? Jina lenyewe lilitisha. Tulisimuliana habari za majambazi na maiti zilizotupwa vichakani. Msitu usio na wageni hauna mashahidi. Ukikatwa upande wa nyuma, wa mbele hawajui. Linganisha na Bustani ya Uhuru. Mwaka 1989 walipotaka kusimamisha pale jumba la ghorofa 60, kila aliyewahi kujilaza kwenye nyasi zile aliona kwamba kinachonyang'anywa ni chake. Mguu wa mwananchi ni hati ya kumiliki. Haina mhuri, lakini ni vigumu kuighushi.

Shemeji yangu ana jibu: kutembea bila haja ni uzungu. Naomba anipeleke Mombasa au Lamu jioni, anionyeshe Wazungu waliowafundisha watu wa pwani kupunga upepo. Mzee amevaa kanzu yake safi anakwenda ufukoni, anakaa, anatazama bahari, anarudi. Hakuna amwulizaye ametumwa na nani. Lugha yetu ililipa jambo hili jina zamani sana, na neno halizaliwi pasipo na kitu. Iweje upepo wa bahari uwe wetu, na kivuli cha msitu kiwe cha wageni?

Hapa lazima niwageukie na wenzangu wa upande wangu, kwani nao wana deni. Kazi kubwa imefanyika. Serikali na wananchi wapenda msitu waliungana, uzio wa umeme ukawekwa, vijana wa jirani wakaajiriwa kulinda, na tangu mwaka 2011 mama anaweza kuingia Karura na binti yake bila hofu. Hilo nalikiri kwa moyo mweupe. Ila langoni pana ada. Kwa mwenye gari lililoegeshwa pale nje, ada hiyo ni ndogo kuliko bei ya kahawa atakayokunywa akimaliza kutembea. Kwa fundi wa Mathare mwenye mke na watoto wanne, jumlisha nauli ya matatu kwenda na kurudi, jumlisha tiketi za watu sita, kisha umwulize kesho watakula nini. Atakaa kwake, na watoto watacheza kando ya mtaro.

Mwaka 2025 palizuka mzozo mkubwa, hata mahakamani, juu ya nani azishike fedha za langoni. Nilisoma magazeti nikingoja mtu aulize habari za yule asiyezilipa kwa kuwa hana. Sikumwona.

Mtaniambia uzio hugharimu, na walinzi hawali majani. Ni kweli. Basi mwenye gari alipe zaidi, na angalau Jumapili moja kila mwezi lango liachwe wazi kwa kila mtu, wanafunzi wa shule za umma wakiingia bila malipo siku zote. Hiyo si sadaka, ni ulinzi. Mtoto wa Mathare asiyewahi kukanyaga Karura, siku ikiuzwa atalia kwa nini? Kwake utakuwa ukuta tu wa miti aliouona dirishani mwa matatu, na mtu akimwambia kwamba umekaa bure, atakubali. Shemeji yangu, mtu msomi, alikubali, sembuse yeye.

Nilimwuliza kama amewahi kuingia. Alitikisa kichwa. Miaka 27 amekaa Nairobi! Nikamwambia Jumamosi ijayo avae viatu vya zamani, tiketi nitamlipia mimi. Alisema atafikiri. Nami nimeshamwazima viatu.