MKOJO UOTESHWE KABLA YA KUBADILI DAWA



Wengi wakisikia kwamba wataalamu wanapima chembe za urithi za bakteria, husema hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi wauguzi tunaona sivyo. Kipimo hicho kinamhusu mama anayejikunja kwa maumivu kila anapokojoa.

Ugonjwa wa njia ya mkojo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye E. koli, ambaye makazi yake ni utumbo wetu wenyewe. E. koli ni kabila kubwa lenye koo nyingi. Kwa darubini wote wanafanana. Chembe za urithi ndizo zinazoonyesha nani ni wa ukoo gani.

Mwaka 2008 wataalamu walitangaza ukoo mmoja, ST131, uliokwisha kuenea katika mabara kadhaa ukiwa sugu kwa dawa nyingi. Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi wa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kati ya E. koli wenye uwezo wa kuvunja nguvu za dawa kama seftriaksoni, ukoo ulioongoza ulikuwa huo huo ST131.

Hapa ndipo penye fundisho. Usugu hauanzi upya ndani ya kila mgonjwa. Unasafiri kwa mikono isiyonawiwa, kwa chakula na maji machafu. Nasi tunapomeza antibiotiki bila sababu, tunaua bakteria dhaifu na kuuachia ukoo sugu shamba zima. Kidonge anachonunua baba dukani kwa ajili ya mafua leo, kesho chaweza kumkosesha tiba binti wa jirani mwenye mimba, na figo zake zikaingia hatarini.

Kwa hiyo hatukubaliani na desturi ya kuita kila homa U.T.I. na kuchoma sindano. Hatudai kila zahanati iwe na mashine ya kupima chembe za urithi. Tunadai lililo rahisi zaidi: ugonjwa ukirudi, au dawa ya kwanza ikishindwa, mkojo uoteshwe maabara na bakteria wajaribiwe kwa dawa mbalimbali. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Aliyezidiwa asingojeshwe, mkojo wake uchukuliwe, kisha aanzishiwe dawa mara moja.

Ndugu msomaji, dawa ikikushinda usikimbilie duka jingine. Rudi hospitali, uulize bila woga: "Je, mkojo wangu umeoteshwa?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni kujilinda, na kumlinda jirani.