Maganda ya Risasi Yahesabiwe

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi mashariki ya Kitui, nilimwona mwanafunzi wa darasa la tano akiandika kwa kipisi cha penseli alichokichomeka ndani ya ganda la risasi ya bunduki. Penseli yenyewe haikuzidi urefu wa kidole gumba, na bila ya ganda lile isingeshikika. Nilipomwuliza amelitoa wapi, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, yako mengi kule mtoni. Tuliyaokota asubuhi." Wenzake watatu walifungua mikoba yao wakanionyesha yao. Mmoja wao alikuwa amezoea kulipuliza la kwake kama filimbi wakati wa mapumziko.

Usiku uliotangulia, milio ya bunduki ilikuwa imesikika upande huo wa mto, na mtu mmoja alikuwa ameuawa. Kila upande uliutaja mwingine. Wanakijiji waliwataja wafugaji, wafugaji waliwataja askari wa akiba, nao askari walisema hawakufyatua hata risasi moja. Sehemu kubwa ya jawabu ilikuwa ndani ya mikoba ya watoto wangu. Niliyafunga maganda yale katika karatasi nikayapeleka katika ofisi moja ya serikali. Yalipokelewa, yakawekwa kwenye droo. Sikuulizwa yaliokotwa wapi, wala lini, wala na nani. Hadi nilipohama shule ile, hakuna aliyejua marehemu aliuawa kwa silaha ya nani.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu nchi yetu imo tena katika mjadala mrefu kuhusu risasi na wanaozifyatua. Tunabishana juu ya nani alitoa amri na nani alikuwa wapi. Hayo ni maswali ya haki. Lakini kuna swali dogo lililo chini ya hayo yote, nalo halina mtu wa kuliuliza: maganda yako wapi, na ni nani aliyeyahesabu?

Kwa wanafunzi ambao hawajapata kuona, risasi nzima ina sehemu nne: ganda, baruti iliyomo ndani yake, kiwashio kilicho kitakoni, na kichwa cha risasi chenyewe. Ganda la bastola mara nyingi ni la shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Kifyatuo kinapovutwa, pini hugonga kiwashio, baruti huwaka, na kichwa cha risasi hutoka. Nguvu hiyo hiyo, katika bastola inayojipakia yenyewe, hurudisha nyuma sehemu ya juu ya silaha. Kikulabu kidogo hulishika ganda tupu kwenye ukingo wa kitako, na kipande kingine cha chuma huligonga likaruka nje, kwa kawaida upande wa kulia, umbali wa hatua chache. Risasi nyingine hupanda mahali pake. Yote haya hutokea kufumba na kufumbua.

Mpigaji basi huondoka na bastola yake, na kichwa cha risasi huenda kiendako, pengine kikapondeka kabisa kikigonga mfupa au jiwe. Ganda, hata hivyo, hubaki pale pale, likiwa zima, na limeandikwa. Pini imeacha shimo lake juu ya kiwashio. Kikulabu kimeacha mkwaruzo wake. Chuma kilicho nyuma ya chumba cha risasi kimepiga chapa mikwaruzo yake midogo midogo isiyoonekana ila kwa darubini. Aidha, kitakoni mna alama za kiwanda, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Bunduki ya G3, ambayo askari wetu wameibeba kwa miaka mingi, huacha hata mistari ya urefu juu ya ganda kwa sababu ya mifereji iliyomo katika chumba chake. Mtu aliyefunzwa huitambua mistari hiyo kwa macho matupu.

Wazee wa Ukambani wasingeshangazwa na elimu hii. Mshale wa Mkamba ulichongwa alama ya ukoo ili ijulikane ni wa nani, kama vile ng'ombe alivyotiwa alama ya ukoo wake. Aliyeupiga mshale hakuweza kuukana kwa urahisi mbele ya wazee, kwa kuwa mshale wenyewe ulisema. Bastola ya leo huacha alama bila ya mwenyewe kupenda. Tofauti ni kwamba wazee wale waliutafuta mshale, ilhali sisi tunaliacha ganda liokotwe na watoto, au liuzwe kwa uzani pamoja na vyuma chakavu.

Wapo watakaodhani kwamba hoja hii ni ya kuwashtaki polisi. Sivyo. Tarehe 14 Februari, 1929, watu saba waliuawa kwa bunduki katika gereji moja mjini Chicago, Marekani. Baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi, na lawama zikawaangukia polisi wa mji ule. Makumi ya maganda yalikuwa yameokotwa mahali pale na kuhifadhiwa. Mtaalamu Calvin Goddard aliyalinganisha na maganda yaliyofyatuliwa kwa bunduki za polisi, akathibitisha kwamba hazikuwa hizo. Kabla ya mwaka kwisha, silaha zilizopatikana katika nyumba ya mhalifu mmoja jimboni Michigan zililingana nayo. Ganda lililookotwa vizuri lilimwondolea lawama asiyehusika na kumfichua mhusika. Askari mwaminifu analihitaji ganda kama vile anavyolihitaji mama aliyefiwa.

Na sheria yetu inasemaje? Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kitaifa ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, inaagiza kwamba kila matumizi ya silaha ya moto yaripotiwe mara moja kwa mkubwa wa askari husika, hata pale ambapo hakuna aliyejeruhiwa. Kifo au jeraha kubwa likitokea, Mamlaka ya IPOA inayosimamia mienendo ya polisi lazima ijulishwe. Mahali pa tukio palindwe. Ushahidi usivurugwe. Inspekta Mkuu naye ametakiwa kuweka kanuni za kuhakikisha kwamba kila askari anawajibika kwa silaha na risasi alizokabidhiwa. Maneno hayo ya mwisho yanafanana mno na kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990. Kwa hiyo sheria tunayo, tena nzuri.

Kinachokosekana ni mazoea. Katika majeshi yaliyolelewa kwa desturi za Kiingereza, askari amalizapo mazoezi ya shabaha hutangaza mbele ya mkubwa wake kwamba hana risasi wala ganda mwilini mwake, na maganda hukusanywa yakalinganishwa na risasi zilizotolewa. Wapiga bastola wa michezo katika nchi nyingi hutandika turubai au kutega wavu ili maganda yao yasipotee nyasini, kwa kuwa shaba ni mali na ganda huweza kujazwa upya. Iwapo ganda la mchezo linathaminiwa kiasi hicho, itakuwaje ganda lililotoka katika risasi iliyomwua raia liachwe mtaroni? Kinachowezekana uwanjani chini ya amri ya sajini kwa nini kishindikane barabarani?

Tarehe 25 Juni, 2025, maandamano yalipozuka katika miji mingi ya nchi, vurugu zilifika Makueni pia, na mji wa Emali ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa haukusalimika. Siku kama hiyo, maelfu ya miguu hupita juu ya lami. Ganda hupigwa teke, hukanyagwa na magari, huokotwa na mtu anayetaka kupiga picha, hutiwa mfukoni kama kumbukumbu. Kufikia jioni, mahali pa tukio hapapo tena. Mwezi mmoja baadaye wachunguzi wanapofika na madaftari yao, wanakuta maneno matupu, ya huyu dhidi ya yule. Naye asiye na sauti kubwa hushindwa.

Mashariki ya Kitui, kuanzia Tseikuru na Ngomeni hadi Mutha, ugomvi baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia umekuwa wa miaka mingi. Huko silaha zipo za namna mbalimbali: za serikali, za askari wa akiba, na zile zisizo na kibali cha mtu yeyote. Kusini, kuelekea mbuga ya Tsavo, kuna majangili. Katika eneo kama hilo, ganda hueleza zaidi ya nani alipiga. Hueleza risasi zinatoka wapi. Mwaka 2008, shirika la Small Arms Survey lenye makao yake Geneva lilichapisha utafiti kuhusu Turkana Kaskazini, uliotegemea usomaji wa alama za vitakoni. Ulieleza kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitokana na polisi wa Kenya. Je, hali ya Kitui ikoje? Jawabu limetapakaa mchangani, linasubiri wa kuliokota na kulisoma.

Ninajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba askari aliye katika hatari hawezi kuinama kutafuta maganda. Ni kweli, wala hatakiwi. Aliyefyatua ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuyagusa maganda yake mwenyewe. Kazi hiyo ni ya mwingine, baada ya mahali kulindwa. Pingamizi la pili ni kwamba maganda yanaweza kupandikizwa, au kuokotwa na mwenye hatia ili ayafiche. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu hesabu inahitajika. Askari akitoka na risasi 30 akarudi na 24, daftari la ghala litasema sita. Yakipatikana maganda manne, mawili yatafutwe. Yakipatikana tisa, kuna mpigaji mwingine. Pingamizi la tatu ni kwamba bastola ya mzinga unaozunguka hubaki na maganda yake ndani, na kwamba ulinganishaji wa darubini ni maoni ya mtaalamu anayeweza kukosea. Sikatai. Hakuna ushahidi unaojitosheleza peke yake. Lakini ushahidi wenye upungufu hupimwa mahakamani. Ule uliopotea haupimwi na mtu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kituo cha polisi, pamoja na kila kundi la askari wa akiba, kiwe na daftari la risasi lenye safu ya maganda yaliyorejeshwa, na daftari hilo liwe wazi kwa wachunguzi wa IPOA na kwa mahakama. Pili, kila kaunti ndogo iwe na maafisa wachache waliofunzwa kuokota ganda inavyostahili: lipigwe picha lilipo kabla ya kuguswa, liwekewe nambari, mahali pake papimwe, litiwe katika bahasha ya karatasi, na kila mkono unaolipokea utie sahihi. Maabara ya uchunguzi ya Idara ya Upelelezi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2022 haiwezi kufanya kazi kama kinachoifikia ni ganda lililosuguliwa likang'aa na lisilo na historia. Tatu, wananchi waambiwe mahali pa kuripoti wanapoliona ganda, bila ya kuogopa kugeuzwa washukiwa.

Walimu wenzangu, sehemu yetu ni kuwafundisha watoto. Tuwaambie wanafunzi kwamba kitu cha shaba kilicholala njiani si filimbi wala si kishikio cha penseli. Kwanza ni hatari, maana mtoto hawezi daima kutofautisha ganda tupu na risasi nzima. Pili ni barua isiyo yake. Akiliona, asiliguse, aweke alama kwa jiwe au kijiti, kisha amwite mtu mzima. Somo hilo linachukua dakika tano, na lingeweza kuingia katika sayansi, katika uraia, au hata katika hesabu.

Mimi mwenyewe sikulijua somo hilo wakati ule. Niliyaokota maganda yale kwa mkono, nikayachanganya pamoja, nikayafunga katika karatasi moja bila ya kuandika jina la mtoto wala mahali. Nilidhani nimetimiza wajibu wangu, kumbe nami nilikuwa mmoja wa waliouvuruga ushahidi. Yule mwanafunzi nilimpa penseli mpya badala ya ganda lake. Familia ya marehemu sikuwa na cha kuipa.

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini njia hiyo hufupika tu pale ambapo kuna mtu anayeifuata hatua kwa hatua, akitazama chini. Serikali iwape kazi hiyo watu wake, na kuanzia sasa maganda yahesabiwe.