Monita hudumu, tarakilishi hufa: Hesabu inayowakabili wanunuzi wa Meru na Embu

MNAMO Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojisajili kuongezewa muda. Mfumo uliochukua mahali pake, Windows 11, hudai kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au cha baadaye, yaani aina zilizoanza kuuzwa mwaka 2017, pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Huenda tarehe hiyo ikaonekana kuwa jambo la wahandisi wa mbali. Hata hivyo, inamgusa moja kwa moja mwenye saiba mjini Embu, mwalimu wa somo la tarakilishi Nkubu na karani wa chama cha ushirika cha kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Aghalabu mashine zao ni za mitumba, zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita ex-UK, na nyingi kati ya hizo zina vichakataji vya kizazi cha sita au cha saba. Bado zinawaka na bado zinachapisha barua, lakini mlango wa mfumo mpya zimefungiwa.

Kinaya ni kwamba monita iliyo mbele ya mashine hiyo haijui lolote kuhusu Windows. Ilionyesha picha za Windows XP, ikaonyesha za Windows 7, na itaonyesha za mfumo wowote mradi ipate umeme na waya unaoingiana nayo. Kilichozeeka ni sanduku tu.

Tofauti hiyo ya umri kati ya kiwambo na sanduku ndiyo hoja inayosahaulika kila mara kampuni inapotangaza tarakilishi za bei nafuu. Kwa wanunuzi wa Meru na Embu, ambao hununua mara moja na kutumia kwa miaka kumi, tofauti hiyo ina uzito kuliko bei iliyobandikwa kwenye katoni.

Historia ya kampuni ya ViewSonic inatoa mfano mwafaka. James Chu aliianzisha California, Marekani, mwaka 1987 kwa jina la Keypoint Technology. Mwaka 1990 ilianza kuuza monita za ViewSonic, zenye nembo ya ndege watatu wa rangi za kuvutia, na jina hilo likaimeza kampuni yenyewe. Mwaka 2000 ilitwaa biashara ya monita ya Nokia. Kwa muda mrefu haikujishughulisha na tarakilishi: kazi yake ilikuwa kiwambo, sanduku liliachiwa wengine.

Mambo yalibadilika baada ya monita bapa kushuka bei na faida kupungua. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kipakatalishi kidogo chenye kiwambo cha inchi saba. Mwaka uliofuata Intel ikazindua kichakataji cha Atom, kilichobuniwa kwa mashine ndogo zinazotumia umeme kidogo. Ghafla hakukuwa na siri tena katika kuunda tarakilishi. Aliyekuwa na kiwambo na jina linalojulikana madukani angeweza kununua vijenzi vilivyosalia na kuingia sokoni.

ViewSonic iliingia. Kufikia mwaka 2010 ilikuwa na vipakatalishi vidogo, visanduku vya mezani vya jina la VOT ambavyo vingeweza kufungwa nyuma ya monita, na vishikwambi vya ViewPad. Lakini soko halikusubiri. Apple ilizindua iPad mwaka huohuo wa 2010 na vipakatalishi vidogo vikaanza kupukutika kama maua ya kahawa baada ya mvua kubwa. Leo ViewSonic inajulikana zaidi kwa monita, projekta na mbao za kidijitali za madarasani. Imerudi pale ilipoanzia, kwenye kiwambo.

Bidhaa hizo za muda mfupi hazikuwa na muundo mmoja. Kile kisanduku cha VOT kiliiacha monita huru: kikiharibika, kinafunguliwa skrubu nne na kingine kinafungwa mahali pake. Kipakatalishi na kishikwambi, kinyume chake, vilikifunga pingu kiwambo kinachoweza kudumu miaka 15 pamoja na betri ya miaka mitatu na kichakataji kinachopitwa na wakati baada ya miaka sita. Kinapokufa cha kwanza, vyote huzikwa pamoja.

Kenya iliionja hali hiyo kwa kiwango cha taifa. Muungano wa Jubilee uliahidi katika kampeni za 2013 kuwa watoto wa darasa la kwanza wangepewa vipakatalishi. Zabuni ya takriban Sh24.6 bilioni iliyokuwa imeiendea kampuni ya Olive ya India ikafutwa mwaka 2014 kufuatia malalamishi ya washindani. Mradi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, kazi ilikuwa imegawiwa makundi mawili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH ya Amerika Kusini. Wasafiri wa Meru na Embu hupita Juja, yaliko makao ya chuo hicho cha pili, kila waendapo Nairobi.

Kilichofika shuleni kilikuwa vishikwambi badala ya vipakatalishi, zaidi ya milioni moja kote nchini, pamoja na vifaa vya walimu, projekta na mtambo wa kuhifadhia masomo. Ikumbukwe kuwa mradi huo ulikuwa na tija yake. Shule nyingi za msingi ziliunganishiwa umeme kwa sababu yake, na kuna watoto wa Igembe na Mbeere waliogusa kifaa cha kidijitali kwa mara ya kwanza humo. Dosari yake ilikuwa katika hesabu ya miaka iliyofuata. Kishikwambi kikivunjika kioo au betri ikikataa kushika chaji, shule ya mashambani haina pa kukipeleka wala fungu la kukitengenezea. Hurudishwa kabatini na kufungiwa humo.

Sasa linganisha na kifo cha kawaida cha monita bapa ya zamani. Mara nyingi kioo hakina ila. Kinachoharibika ni kapasita za bodi ya umeme, ambazo huvimba vichwa kwa joto na kuifanya monita iwake kisha izime. Fundi mwenye kifaa cha kuchomelea anazitoa, anatia mpya za bei ya chini kabisa, na monita inarudi kazini alasiri hiyohiyo. Ujuzi huo upo katika vibanda vya Makutano mjini Meru na kando ya steji ya magari mjini Embu. Taasisi ya kitaifa ya Meru, ambayo watu huiita Meru National Polytechnic, hufunza vijana fani ya umeme na elektroniki. Ni kazi ambayo pesa zake hubaki mtaani.

Hata hivyo, si kila kilicho cha zamani ni cha kutunzwa. Zile monita za mgongo mkubwa, zenye bomba la kioo ndani, zilijaa katika maabara za shule miaka ya 2000, nyingine zikiwa zimetolewa kama msaada. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilikuwa miongoni mwa waliopokea tarakilishi zilizotumika na kuzifikisha shuleni. Kwa wakati wake monita hizo zilikuwa neema. Leo ni mzigo, na mzigo wenyewe unaonekana kwenye bili ya umeme.

Monita ya bomba ya inchi 17 hula takriban wati 75. Ya kisasa ya ukubwa unaokaribiana na huo, inayomulikwa kwa LED, hula takriban 20. Maabara yenye monita 20 huhitaji basi wati 1,500 kwa aina ya kwanza na wati 400 kwa aina ya pili, kabla ya kuhesabu masanduku yenyewe. Kwa saa sita kwa siku na siku 22 kwa mwezi, tofauti ni yuniti 145 za umeme. Hicho ni kiasi ambacho mhasibu wa shule ya kutwa hawezi kukifumbia macho.

Na hapa pana kinaya kingine kinachowauma wakazi wa Mbeere. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yamo katika mipaka ya kaunti ya Embu na majirani zake. Nyaya za nguvu nyingi hupita juu ya mashamba ya muguka kuelekea Nairobi. Lakini shule iliyo karibu na nyaya hizo hulipa yuniti kama mwingine yeyote, na umeme ukipotea somo la tarakilishi hugeuka kuwa la kuchora kibodi ubaoni. Kwa shule inayofikiria paneli za jua, kila wati inayopunguzwa kwenye meza ni betri isiyohitaji kununuliwa.

Ndipo wazo la kisanduku kidogo nyuma ya monita linaporejea, safari hii likiwa limekomaa. Kampuni za Dell, HP na Lenovo zimekuwa zikitengeneza mashine za aina hiyo kwa ajili ya mabenki na afisi za Ulaya, na baada ya miaka michache ya kazi mashine hizo huingia katika mkondo wa mitumba. Nyingi hutumia umeme kidogo kuliko yale masanduku makubwa. Zile za kizazi cha nane hukubali Windows 11. Na monita ya mwaka 2010 yenye tundu la VGA pekee huunganishwa nazo kwa adapta ndogo inayotiwa mfukoni.

Wauzaji wana sababu ya kutolisema hili kwa sauti. Faida ni nono zaidi mteja anapobeba kila kitu kipya: kiwambo, sanduku, kibodi na kipanya katika katoni moja. Tarakilishi ambazo kiwambo na mashine vimeundwa pamoja hupendeza machoni na hupunguza nyaya mezani, na huenda zikamfaa daktari au wakili mwenye afisi moja. Kwa bodi ya shule inayonunua mashine 30 kwa fedha za wazazi wa Tigania, ambao mapato yao ya miraa yalitikiswa Uingereza ilipopiga marufuku zao hilo mwaka 2014, ni kamari. Bodi hiyo inapaswa kumuuliza muuzaji maswali mawili kabla ya kutia sahihi. Je, kiwambo hiki kitatumika na mashine nyingine hii ikifa? Je, ni fundi gani kati ya Runyenjes na Maua anayeweza kukifungua?

Wapo pia wanaopendekeza Linux, mfumo endeshi usiolipiwa ambao huzipa uhai mashine za kizazi cha sita na cha saba. Pendekezo hilo lina mashiko kwa saiba, kwani huduma za eCitizen, iTax na HELB hupatikana kupitia kivinjari chochote cha kisasa. Kwa shule ni gumu zaidi. Somo la tarakilishi katika KCSE lina karatasi ya vitendo, na mwalimu aliyezoea programu za Microsoft kwa miaka 15 hawezi kutarajiwa kubadilisha zana katikati ya muhula bila mafunzo.

Suala la taka halijapata uzito unaostahili. Kioo cha monita za bomba kina madini ya risasi, na mtoto anayekivunja jaani ili atoe shaba hujiletea sumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliwatwika watengenezaji na waagizaji wajibu wa kufuatilia bidhaa zao hadi mwisho wa maisha yake. Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachovunja vifaa hivyo kwa utaratibu. Kutoka Embu ni safari ya takriban kilomita 120, kutoka Meru ni zaidi ya 200, na gharama ya lori la kubeba monita zilizokufa haina mwenyewe katika bajeti ya shule. Hivyo huendelea kurundikwa stoo.

Nyongeza ya muda ambayo Microsoft iliwatangazia watumiaji wa kawaida wa Windows 10 ilipangiwa kukamilika Oktoba 13, 2026. Hicho ni kipindi ambacho shule huwa zinajiandaa kwa KCSE, na ambacho wakuu wa shule hawapendi kusikia habari ya kununua chochote. Anayetaka kubadilisha masanduku na kubakiza monita anafaa kuhesabu vizazi vya vichakataji vyake likizo ya Agosti, kabla ya wauzaji kuanza kumhesabia.