Dakika Zinazopotea Mwisho wa Njia

Ewe msomaji, ukimsikia mtu akililaumu gari la moshi la Kikuyu kwa kwenda polepole, usikubali upesi. Njia itokayo stesheni kuu ya Nairobi, ikapita Kibera na Dagoretti, ina kona nyingi, nayo hupanda kutoka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari mpaka yapata mita 2,000. Injini haistahili lawama kwa kupanda taratibu. Aibu iko pale gari linaposimama.

Tazama yanayotendeka. Gari lifikapo mwisho wa safari yake, injini iko mbele, na sasa mbele hakuendeki. Hufunguliwa kutoka kwenye mabehewa, ikasogea. Reli huhamishwa, ikarudi kwa njia ya pembeni ikiyapita mabehewa yote. Reli huhamishwa tena, ikafungwa upande wa pili. Mipira ya breki huunganishwa, upepo hujazwa, breki hujaribiwa (na lazima zijaribiwe, maana mteremko wa Kikuyu haufanyiwi mzaha). Muda wote huo abiria wamekaa. Na kwa kuwa njia ni moja tu, gari lililochelewa huko juu hulifungia njia lile lililo chini.

Wako wasemao, injini na isukume kutoka nyuma. Hao nawapinga kabisa. Dereva aliye nyuma ya mabehewa haoni kilicho mbele, na Kibera watu huvuka reli mchana kutwa na kupanga bidhaa zao kandokando yake. Nani atawapigia honi?

Wengine hutaka injini zenye nguvu zaidi. Waende makumbusho ya reli, hapo hapo Nairobi, wakaitazame Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za aina ya 59 zilizoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, na uzito wake ni tani 250 hivi. Ilikuwa na nguvu za ajabu, na iliweza kwenda mbele au nyuma bila kugeuzwa. Lakini hata yeye, jitu lile, akifika mwisho wa njia alipaswa kufunguliwa na kuyazunguka mabehewa.

Dawa yenyewe haina uchawi: chumba cha dereva kila upande. Treni za dizeli zilizokwisha kutumika, ambazo Kenya ilizinunua Uhispania na kuzipokea mwaka 2020, ziko hivyo. Dereva hushika mfuko wake, akatembea mpaka upande wa pili, akaondoka. Pasipo na treni za namna hiyo, ifungwe injini kila upande. Likishindikana hilo pia, basi angalau njia ya pembeni isigeuzwe ghala la mabehewa mabovu.

Siku utakapopanda, chukua saa. Anza kuhesabu magurudumu yanaposimama, uache yanapoanza kuzunguka tena, kisha umpelekee hesabu hiyo yule anayelalamikia mwendo.